Umeshinda kesi, pesa bado: deni linavyokatwa kwenye mshahara

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka)

MTANGAZAJI: Msikilizaji uliye Gasorwe, uliye Kinama, na wewe unayetusikiliza ukiwa mjini Muyinga, karibu. Leo tunazungumza nawe uliyekwenda sentare, ukashinda kesi ya deni, ukapewa karatasi yenye muhuri, na mpaka leo hujashika hata faranga moja.

Tuchukue mfano. Wewe ni mkimbizi kutoka Kongo, fundi cherehani. Ulishona nguo za harusi kwa mkopo, mteja akakuzungusha, sentare ikamwamuru akulipe faranga 240,000. Hana mbuzi wala shamba. Ila ana kazi, na kila mwisho wa mwezi analipwa na mwajiri mwenye ofisi Gitega. Hukumu iko Muyinga, mshahara uko Gitega.

Njia ya kuvikutanisha ipo. Unaomba sehemu ya mshahara izuiwe kwa mwajiri kabla mdaiwa hajaipokea. Kwa Kifaransa inaitwa saisie-arrêt. Likariri neno hilo, maana ndilo utakalokutana nalo kwenye makaratasi.

Je, mkimbizi anaruhusiwa? Ndiyo. Kifungu cha 16 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kinakupa haki ya kufika mahakamani kama raia, hata kwenye msaada wa kisheria. Burundi iliingia mkataba huo 1963. Mtu akikuambia mgeni hadai hapa, mtajie kifungu hicho kwa upole.

Anzia kwa karani wa sentare iliyokuhukumia. Muulize mambo mawili: muda wa kukata rufaa umekwisha? Mdaiwa alikabidhiwa hukumu rasmi? Kisha omba nakala yenye amri ya utekelezaji. Hapa ndipo wengi wanakwama, kwa sababu wanatembea na nakala ya kusoma tu, nayo haimlazimishi mwajiri kitu. Pamoja na nakala hiyo, leta jina kamili la mwajiri na mahali ofisi yake ilipo. Uliza pia gharama kabla ya kutoa pesa yoyote, na udai risiti.

Anayepeleka amri Gitega ni wisie, yaani mtekelezaji wa hukumu. Si wewe, wala si shemeji yako mwenye pikipiki. Mwajiri akishaipokea, ile sehemu haruhusiwi tena kumpa mfanyakazi; akimpa, anaweza kuwajibishwa yeye. Mdaiwa naye lazima ajulishwe, na anaweza kupinga. Kama alishakupa 40,000 pembeni, zitaje mapema, zisije zikaivuruga kesi yako.

Usitegemee mshahara mzima. Sheria humwachia mdaiwa cha kulisha watoto. Huenda unaikumbuka Kanuni ya Kazi ya Kongo ya 2002, inayoruhusu moja ya tano kwenye sehemu ya chini ya mshahara, na mbili ya tano kama deni ni la matunzo ya familia. Hesabu hiyo iache Kongo. Burundi ina sheria yake, na karani ndiye wa kukupigia hesabu. Tuseme inatoka faranga 30,000 kwa mwezi: deni lako litakwisha kwa miezi minane. Ni polepole, sikatai, lakini ni afadhali kuliko kumvizia mlangoni kila Jumamosi.

Wakati unasubiri, usimnyang'anye simu. Usishike kadi yake ya chakula, kwa maana chakula kile ni cha watoto pia. Wala usimwombe polisi amfunge: Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Burundi iliingia 1990, unakataza kwenye kifungu cha 11 kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano.

Akiacha kazi, makato yanasimama, hukumu inabaki. Ukisikia amepata kazi nyingine, rudi kwa karani na jina la mwajiri mpya. Na kama safari ya Gitega haikwepeki, chukua kwanza ruhusa yako ya kutoka kambini, ubebe nakala, hukumu yenyewe ibaki nyumbani.

Kila mwezi andika ulichopokea na tarehe. Mwezi wa nane ukitimia, nenda sentare useme umelipwa, ili mwajiri aandikiwe aache kukata. Akikata mwezi wa tisa nawe ukanyamaza, mdaiwa sasa ni wewe.

(Muziki)