Kusahihisha Mtihani Mbagala: Alama 45 Ina Maana Gani?

Wazazi wenzetu wa ughaibuni ambao watoto wao wanasoma Dar es Salaam hupiga simu wamefadhaika: mtoto kapata 45 ya Biolojia, kafeli. Hajafeli. Katika mtihani wa Kidato cha Nne, 45 ni C. Kwa viwango vya Baraza la Mitihani la Tanzania, A huanzia 75, B 65, C 45 na D 30. Chini ya hapo ni F. Kisha huchukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, A ikiwa pointi 1 na F pointi 5, na mwenye jumla ya 7 hadi 17 anapata daraja la kwanza. Mzazi aliyeko Marekani, ambako chini ya 60 kwa kawaida ni F, atamgombeza mtoto bure.

Nimesomea ualimu Uingereza, na mwaka wangu wa kwanza kazini uko katika sekondari ya serikali Mbagala, Temeke. Kule Uingereza mipaka ya madaraja ya mtihani wa GCSE hupangwa baada ya karatasi kusahihishwa, kulingana na ugumu wa mtihani. Ndiyo maana daraja la 4 la Hisabati, linalohesabiwa kufaulu, kwenye karatasi za ngazi ya juu limewahi kupatikana kwa chini ya robo ya alama zote. Huku mtoto anaijua mipaka kabla hajaketi.

Tangu ada ifutwe mwaka 2016 madarasa yamejaa, na marundo ya karatasi ni makubwa. Tunagawana maswali: mmoja anasahihisha swali la kwanza la mikondo yote, mwingine la pili. Baraza nalo huwakusanya walimu vituoni na kugawa kazi kwa maswali, karatasi zikiwa na namba za watahiniwa, hazina majina. Naupenda utaratibu huu, kwa kuwa jibu linapimwa kwa jicho lile lile kwa watoto wote.

Kinachonichelewesha mezani ni lugha. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, akaingia Kidato cha Kwanza masomo yakageuka Kiingereza. Swali linauliza chakula kinavyoshuka kwenye umio. Anachora umio vizuri, anaweka mishale, anaeleza kwa Kiingereza kilichovunjika kwamba misuli inabana na kusukuma. Mkuu wa idara alinielekeza: wazo likiwepo na likieleweka, mpe alama, jina la kitaalamu likiulizwa lenyewe na hakulitaja, usimpe. Hiyo naiona haki. Lakini mtoto mwingine ameandika jibu kamili, sahihi, kwa Kiswahili, na mwongozo wa usahihishaji hauniruhusu kumpa chochote. Huyo anajua Biolojia. Amepewa sifuri ya Kiingereza, ikaandikwa kwenye safu ya Biolojia. Inaniuma kila nikiiandika, na naamini sera yetu ya lugha inawanyima watoto hawa alama walizozitolea jasho.

Daraja nalo ni uamuzi wa watu. Matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionyesha zaidi ya nusu ya watahiniwa wamepata daraja sifuri. Nchi ikalalamika, tume ikaundwa, na Mei mwaka huo serikali ikayafuta na kuagiza yapangwe upya. Majibu ya watoto yalibaki yale yale. Wengi walipanda daraja kwa sababu vipimo vilibadilishwa.

Kwa hiyo, ndugu mzazi uliye mbali, matokeo ya muhula yakikufikia kwa simu usiishie kwenye namba. Mwombe mwalimu wa somo akupigie picha ya karatasi yenyewe, usome mtoto aliandika nini na alama zilipotelea wapi. Kama zimepotelea kwenye lugha, fedha ya masomo ya ziada ipeleke kwenye Kiingereza kwanza.