"Zilitengenezwa 20,000 Tu": Uadimu wa Gari Unahesabiwaje?

Ukipita kwenye matangazo ya magari yaliyotumika, kuna sentensi wauzaji wanaipenda sana: "Gari adimu hii, zilitoka chache tu dunia nzima." Inayofuata ni bei, na bei yenyewe huwa haina uchache wowote. Leo tuipime hiyo sentensi. Inaweza kuwa kweli tupu na bado ikakupoteza.

Tuchukue gari dogo linalotajwa sana kwa maneno hayo, Nissan Figaro. Hata kama jina hulijui, picha yake huenda umeshaiona: kigari cha milango miwili, rangi za kufifia kama peremende, mapambo ya kung'aa, na paa la turubai linalokunjwa kwenda nyuma. Ukiliona utadhani ni la zama za babu yako. Kumbe ni la mwaka 1991. Chini ya hilo vazi la kizee kuna Nissan March ya kizazi cha kwanza, yenye injini ya cc 987 iliyofungwa turbo, na gia tatu za otomatiki.

Nissan walilionyesha Tokyo mwaka 1989 na kupanga kutengeneza 8,000. Watu wakajaa. Wakaongeza 12,000, jumla ikawa 20,000 (hesabu inayotajwa sana kwa undani zaidi ni 20,073), na bado wanaolitaka wakawa wengi kuliko magari yenyewe. Ikabidi ichezwe bahati nasibu. Unaandikisha jina, na likitoka unaruhusiwa kwenda kulipa. Yaani zawadi yenyewe ni ruhusa ya kutoa hela! Ndugu zake waliojengwa juu ya March hiyohiyo walikuwa na hesabu zao: Be-1 ya mwaka 1987 ilitoka 10,000, na Pao ya mwaka 1989 ilitoka zaidi ya 51,000.

Sasa, 20,000 ni chache? Kwa kampuni inayotoa magari kwa malaki kila mwaka, ni chache kweli. Ila angalia hiyo namba inahesabu nini. Inahesabu waliozaliwa. Wewe unayetaka kununua leo unahitaji kujua walio hai, na ili uipate hiyo lazima ujue pia kasi ya kufa.

Tufanye hesabu ya kubuni. Gari la kwanza, tuliite A, lilitengenezwa 600,000, na kila mwaka asilimia 15 ya yaliyobaki yanakwenda kwenye chuma chakavu. Gari B lilitengenezwa 20,000 tu, ila linapoteza asilimia 2 kwa mwaka. Kila mwaka A unaizidisha kwa 0.85 na B kwa 0.98. Baada ya miaka 30, A yamebaki kama 4,600. B yamebaki kama 10,900. Ngoja miaka 10 mingine: A yamebaki 900 hivi, B karibu 8,900. Gari lililoanza likiwa jingi mara 30 sasa ni moja dhidi ya karibu kumi za mwenzake.

Wanafunzi wa fizikia mmeshaitambua hiyo hesabu, ni ileile ya nusu-maisha ya madini ya mnururisho. A linapungua kwa nusu kila baada ya miaka minne na kidogo, B kila baada ya miaka 34. Tofauti ni kwamba atomu haizeeki. Atomu iliyokaa miaka elfu moja ina nafasi ileile ya kuvunjika kesho kama iliyoundwa jana. Gari halipo hivyo. Miaka ya mwanzo linakufa kwa ajali tu, maana hakuna anayepeleka gari la miaka miwili kwenye chuma chakavu. Balaa linaanza pale bei ya kulitengeneza inapozidi bei ya gari lenyewe, na hapo yanaondoka kwa makundi. Halafu yakishabaki machache mkunjo unabadilika tena: aliyelitunza miaka 30 hataliachia kirahisi, na vifo vinapungua sana.

Hili la bei ndilo kiini, na mifano yake halisi ipo. Austin Allegro lilikuwa gari dogo la kampuni ya British Leyland ya Uingereza, kuanzia mwaka 1973 hadi 1982. Yalitengenezwa zaidi ya 640,000. Lilichekwa tangu siku za mwanzo, hata usukani wake wa kwanza ulikuwa si duara kamili, ulikuwa na pembe nne zilizolainishwa (sijui nani aliamka asubuhi akaona usukani wa duara una kasoro). Hakuna aliyeona sababu ya kulitunza. Leo kwenye barabara za Uingereza yamebaki mamia machache tu.

Unaweza kusema hiyo ni kutu, magari ya zama zile yalioza. Basi litazame Trabant, gari dogo la Ujerumani Mashariki lililotengenezwa mji wa Zwickau kuanzia mwaka 1957 hadi 1991. Yalitoka zaidi ya milioni tatu. Bodi yake ya nje kwa sehemu kubwa haikuwa bati, ilikuwa duroplasti, yaani utomvu mgumu uliochanganywa na nyuzi za pamba, kitu kisichojua kutu ni nini. Na watu walilitunza kweli, maana kulipata kulimaanisha kusubiri kwenye foleni miaka kumi na zaidi. Kisha Novemba 1989 Ukuta wa Berlin ukaanguka, magari yaliyotumika ya Ujerumani Magharibi yakaanza kuingia, na Trabant likapoteza thamani kwa kasi ya ajabu. Watu waliolisubiri muongo mzima walilitelekeza mtaani. Bodi ilikuwa ileile, mafundi walewale. Kilichobadilika ni bei, na kasi ya kufa ikapanda papo hapo. Leo Ujerumani yamebaki makumi ya maelfu, kati ya mamilioni.

Figaro limepita njia ya kinyume kabisa. Tangu siku ya kwanza mwenye nalo alijua ana kitu cha pekee. Lilikuwa gari la kutembelea Jumapili, si la kubebea saruji. Lilipoanza kuzeeka Japani likapata maisha ya pili nje. Waingereza na Waairishi wanaendesha kushoto kama Wajapani, kwa hiyo usukani hauhitaji kuhamishwa, na wakayanunua kwa maelfu. Matokeo yake, mjini London leo ni rahisi zaidi kukutana na Figaro, lililotengenezwa 20,000 na halikuuzwa jipya nje ya Japani, kuliko Allegro lililotengenezwa zaidi ya 640,000 hapohapo Uingereza.

Utauliza, na sisi tunaendesha kushoto, tunanunua mitumba ya Japani kila siku, mbona Figaro halijajaa kwetu? Sababu kubwa ni ileile ya matumizi: anayeagiza gari anataka la kupakia familia na linalopata spea kila kona. Sheria nazo zinabana. Kenya, kwa mfano, hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, kwa hiyo gari la mwaka 1991 mlango wake wa kawaida umefungwa siku nyingi.

Sawa, lakini yaliyobaki tunayajuaje idadi? Uingereza wana bahati, serikali yao inachapisha takwimu za magari yenye leseni kwa kila aina, na pia yale ambayo wenyewe wametoa taarifa kwamba yamewekwa tu, hayaingii barabarani. Ukilinganisha safu hizo mbili unapata picha nzuri. Ila hata hapo kuna mtego: gari linaloozea nyuma ya banda bila taarifa yoyote halimo kwenye safu yoyote kati ya hizo.

Na pale ambapo hata idadi iliyotengenezwa haijulikani? Hapa takwimu zina ujanja mtamu, na Mtanzania yeyote tayari anautumia nusu yake. Ukisikia mtu anasema "nauza gari namba D" au "hiyo ni namba E", ameshakuambia limesajiliwa zama zipi, kwa sababu herufi za pleti zinakwenda kwa mpangilio. Namba ya chesisi nayo mara nyingi inakwenda hivyohivyo. Ya Figaro inaanza na FK10, kisha tarakimu zinazofuatana.

Tuseme umepiga picha namba za chesisi za magari matano ya aina moja, umeyakuta bila kuchagua, na kubwa kuliko zote ni 17,400. Kiwanda kilitengeneza mangapi? Si chini ya 17,400, hilo liko wazi. Ila ni vigumu kuamini kwamba katika matano tu umebahatika kulikuta la mwisho kabisa. Hayo matano yamejigawa kwenye mstari wote, na kwa wastani nafasi kati ya moja na jingine ni kama 17,400 gawa kwa 5, yaani 3,480. Basi ongeza nafasi moja kama hiyo juu ya namba kubwa, toa 1, unapata 20,879. Namba nimezibuni, lakini njia ni ya kweli: chukua namba kubwa, jumlisha namba kubwa gawa kwa idadi uliyoona, toa moja.

Njia hii ilizaliwa vitani. Katika Vita vya Pili vya Dunia majeshi ya Muungano yalitaka kujua Ujerumani inatoa vifaru vingapi kwa mwezi. Majasusi walikadiria kwamba Agosti 1942 vilitoka 1,550. Wanatakwimu walichukua namba za kiwandani za vifaru vilivyotekwa, wakapata 327. Vita vilipoisha na daftari za Wajerumani kufunguliwa, jibu likawa 342.

Ukitaka kuitumia kwa magari, kuwa mwangalifu. Njia inadhani namba zinaanzia moja na haziruki, wakati viwanda vingine huanzia mbali, huruka, au huchanganya aina mbili kwenye mfululizo mmoja. Inadhani pia uliyoyaona ni sampuli ya bahati tu. Ukikusanya namba kwenye mkutano wa wapenzi wa magari ya zamani, ambako kila mwenye gari la mwanzo kabisa anajitokeza kujivuna nalo, umeshaharibu hesabu. Na zaidi ya yote, inakupa waliozaliwa. Walio hai bado hujawapata.

Turudi kwa muuzaji wetu na 20,000 zake. Kama ni Figaro, uadimu utakaokuuma mfukoni hauko kwenye gari zima. Injini imetokana na ya March, kwa hiyo fundi anayeijua March atajua pa kuanzia. Bampa likipasuka ndipo utajua uko peke yako, maana bampa hilo lilitengenezwa kwa ajili ya magari hayo 20,000 na si mengine. Kabla ya kulipa, kagua kwanza kila kitu kisichokuwa cha March: taa, mapambo, mpira wa paa. Hivyo vikiwa vizima, umepata gari. Vikiwa vimekufa, itabidi usubiri Figaro jingine lipate ajali mahali fulani, likatwe spea, na bampa lake livuke bahari kukufikia. Kifo cha lile kinaliongezea hili miaka, na hiyo ni sababu nyingine inayofanya mkunjo wetu ulale chini kadiri magari yanavyozidi kuwa machache.