Fukuto la Ishiara na Theluji ya Lenana

Mwezi wa Desemba 1849, Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani aliyekuwa mgeni wa Kivoi, mkuu wa Wakamba kule Kitui, aliuona kwa mbali mlima wenye vilele viwili vilivyovikwa weupe, na katika habari alizozikusanya kwa wenyeji, mtu wa Embu alimweleza kwamba watu wakaao kandokando ya mlima huo hawathubutu kupanda hadi juu, kwa sababu ya baridi kali na kwa sababu ya kitu cheupe kinachoporomoka kwa kishindo kikuu. Habari za namna hii hazikupokewa kwa heshima Ulaya. Mwaka mmoja kabla, mwenzake Krapf, Johannes Rebmann, alikuwa amekwisha kuiona theluji ya Kilimanjaro, na mwanajiografia wa London aitwaye William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga ardhi ya Afrika Mashariki, alishika kalamu akakanusha kwa ukali kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Yule mtu wa Embu, asiyekuwa na kitabu wala kipimo, alikuwa amesema kweli tupu, ilhali msomi mwenye maktaba alikuwa amekosa.

Tangu zama hizo wageni hawajaacha kuistaajabia theluji ya mlima huo aliouona Krapf, yaani Mlima Kenya, ambao Wameru huuita Kirimaara na Waembu Kirenyaa, kana kwamba ni kitu cha ugenini kilichopotea njia kutoka nchi za kaskazini. Mimi nimetumia sehemu kubwa ya umri wangu nikipima hewa katika pande za Embu na Meru, na yakini yangu ni nyingine kabisa: theluji ya Lenana, kimoja cha vilele vyake, ni mali ya bondeni. Mvuke uleule unaomlemea mtu wa Ishiara, wa Kiritiri na wa Tharaka mchana kutwa, hata akakosa raha ya kupumua, ndio unaopanda ukageuka weupe huko juu. Na mwenye kutaka kujua ni kwa nini theluji humshukia mpandaji ghafla, sharti auanze uchunguzi wake chini, mahali penye joto.

Nyanda za chini za Mbeere na Tharaka, aghalabu ya mwaka, zina joto kavu, la namna ambayo jasho hukauka kabla mwenyewe hajalitambua. Lakini yako majuma machache, hasa Oktoba ikielekea ukingoni na tena Machi ikikaribia kwisha, ambapo upepo utokao Bahari ya Hindi huwa umekwisha kuleta unyevu na mvua yenyewe bado haijashuka, na hapo ndipo mtu huonja fukuto. Nakumbuka adhuhuri moja ya siku kama hizo katika soko la Ishiara, ambapo hapakuwa na jani lililotikisika, chumvi iliyomwagwa juu ya karatasi kwa ajili ya kuuzwa ilikuwa imeanza kushikana mabonge, na moshi wa jiko la mahindi ya kuchoma ulikuwa ukitambaa miguuni mwa watu badala ya kwenda zake juu. Mama mmoja aliyekuwa akipima ndengu aliiweka gorogoro yake chini, akajifuta shingo kwa ncha ya leso, akaniambia, “Hewa imekuwa nzito, mzee. Mvua haiko mbali, na sisi tumeshapanda tunaingojea.” Alikuwa amepanda katika udongo mkavu, kama wafanyavyo wakulima wengi wa huko, kwa kuiamini dalili hiyo ya ngozi yake, na mimi nilipovitazama vipimajoto vyangu viwili, kimoja kikavu na kingine kilichofungwa utambi uliolowa, nikaona jinsi namba zake zilivyokaribiana, dalili ya hewa iliyojaa mvuke, sikuwa na la kumwongezea.

Ubayana wa jambo hili hauna uganga. Hewa yenye joto la nyuzi 30 za Selsiasi inaweza kuchukua takriban gramu 30 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Ikiwa na nyuzi 20, huchukua gramu 17 hivi. Ikiwa na nyuzi 10, gramu 9 na ushei. Na ikifika sifuri, haichukui hata gramu 5. Mwili wa binadamu nao hujipoza kwa jasho, si kwa kulitoa bali kwa kulikausha, maana kila gramu moja ya jasho inayogeuka mvuke huondoka na joto la kutosha kupasha gramu 580 za maji kwa uzi mmoja. Sasa, hewa ikiwa imekwisha kushiba mvuke wake, jasho hukosa pa kwenda, hububujika na kudondoka bila kumpoza mwenyewe, na mtu huhisi kuwa anaungua ingawa kipimajoto hakikupanda hata kidogo kupita juzi. Watu wa pwani wanalijua hili vyema kuliko sisi, kwani huko Mombasa katika siku za maleleji, kaskazi ikiwa imekwisha na kusi haijasimama, hata usiku hauleti faraja. Maulama wa tiba na wa hewa wamekadiria kwamba ikiwa hata kile kipimajoto chenye utambi uliolowa kimefika nyuzi 35, kijana mwenye siha kamili, akiwa kivulini na maji anayo, hawezi kuishi kwa saa nyingi. Ishiara iko mbali sana na kiwango hicho, namshukuru Mungu. Lakini mzee mwenye maradhi ya moyo, au mtoto mchanga aliyefunikwa mablanketi chini ya bati, hahitaji kufikia huko ili adhurike.

Toka soko la Ishiara hadi kilele cha Lenana ni kilomita zipatazo 60 tu kwa mstari ulionyooka, lakini ni zaidi ya mita 4,000 kwenda juu, na safari hii mvuke huikata bila mzigo. Natufanye hesabu. Tuchukue hewa ya pande za Kiambere, penye mita 700 hivi juu ya usawa wa bahari, yenye joto la nyuzi 30 na mvuke ambao ungeanza kuwa matone kama hewa hiyo ingepozwa papo hapo hadi nyuzi 18. Jua likiupasha joto mteremko wa mlima, hewa hiyo hupanda, na kwa kuwa mgandamizo hupungua kadiri inavyokwenda juu, hutanuka na kupoa kwa nyuzi 10 hivi kila mita 1,000. Ikiisha kupanda mita 1,500 imefika penye mita 2,200, mahali ambapo mashamba ya chai ya Embu na ya Meru yanapakana na msitu, ikiwa na nyuzi 15, nayo imekwisha kushiba. Hapo ndipo wingu linapozaliwa, na ndiyo maana wachumaji chai wa huko hufanya kazi ndani ya ukungu siku nyingi. Kuanzia hapo hupoa polepole zaidi, nyuzi 5 au 6 kwa kila mita 1,000, kwa sababu mvuke unapogeuka maji huachilia lile joto uliloondoka nalo baharini. Na ukiifuata hesabu hadi mwisho, sifuri inaangukia penye mita 4,900 au karibu na hapo. Lenana ina mita 4,985.

Hesabu hii ningependa kila mpandaji aijue kabla ya kulipia lango, kwa maana ndani yake mna siri yote ya ughafla. Mstari wa sifuri si ukuta uliojengwa mahali pamoja. Theluji inayoyeyuka ikiwa njiani huipokonya hewa joto, hewa hiyo ikapoa, na theluji inayofuata ikashuka chini kidogo kuliko iliyotangulia, hata mahali palipokuwa pakinyesha mvua ya kawaida saa moja iliyopita pakageuka peupe pasipo upepo wa baridi kuja kutoka popote. Tena jambo hili lina saa zake. Olov Hedberg, bingwa wa mimea kutoka Uswidi aliyeichunguza milima yetu, alifundisha kwamba huko juu majira ya mwaka mzima yamefumbatwa ndani ya siku moja, mchana ukiwa kiangazi na usiku kipupwe. Na lobelia kubwa za huko hukunja majani yake jua linapotua ili sakitu isiuguse moyo wake. Alfajiri hewa nzito ya usiku huteremka mabondeni, mbingu ikawa safi. Kabla ya adhuhuri hewa ya chini huanza kupanda. Na saa saba au nane mchana kilele cha Batian, kwa mita zake 5,199, hakionekani tena. Mgeni aliyeamka katika anga la samawati hudhani kwamba siku imempa ahadi.

Nilikuwa juu ya bonde la Gorges wakati mmoja, penye vidimbwi viitwavyo Hall Tarns, katika njia ipandayo kutoka Chogoria, na asubuhi yake tulikuwa tumeziona nchi za chini hadi upande wa Tharaka, zikiwa zimefunikwa na utandu wa kijivu ambao macho yasiyozoea yangeudhania kuwa vumbi. Haukuwa vumbi. Mwongozi wetu, kijana wa Chogoria, aliutazama mara moja, akasema, “Mzee, tusingoje chai. Hilo wingu limetoka chini, si la kupita.” Saa sita lilikuwa limejaa bondeni na ziwa Michaelson limepotea, ikaja mvua nyembamba, kisha chembe nyeupe zilizoviringika, laini, zikirukaruka juu ya mawe na kujikusanya katika mikunjo ya makoti, na baada ya hapo ile sauti ya matone juu ya vifuniko vya vichwa vyetu ikakatika, maana kilichokuwa kikianguka sasa ni theluji yenyewe, kubwa, yenye maji mengi. Njia ya miguu ilifutika kwa muda mfupi kuliko ule wa kuchemsha birika. Theluji ilipofika kwenye vifundo vya miguu, yule kijana alikuwa akiifuata njia kwa kuyatambua mawe, jiwe kwa jiwe, naye hakupotea hata mara moja.

Nalitaja neno la maji mengi kwa makusudi. Theluji ya nchi za kaskazini yaweza kuwa kavu, mtu akaikung'uta begani ikaenda zake. Ya kwetu huanguka karibu na sifuri yenyewe, huyeyuka juu ya mwili na kupenya hadi kwenye shati. Hapo ile kanuni ya jasho hugeuka upande wa pili. Kule sokoni mtu alitaabika kwa sababu maji hayakukauka juu ya ngozi yake. Huku juu, penye hewa nyepesi na upepo, maji hukauka kwa pupa, na kila gramu huondoka na joto la uhai. Vijana wengi wanaopanda wakiwa na fulana ya pamba na suruali ya jinzi hudhani adui yao ni barafu, kumbe adui ni umajimaji wa nguo. Anayeanza kutetemeka anajulikana. Wa kumhofia zaidi ni yule aliyeacha kutetemeka, akaanza kusema maneno yasiyo na mpango na kutaka kuketi. Huyo avuliwe nguo zilizolowa, avikwe kavu, ateremshwe bila kujadiliana naye.

Yafaa pia kutenga mambo mawili yanayochanganywa, theluji na mvua ya mawe. Mwezi wa Septemba 2008 uliwaona watu wa Busara, karibu na Nyahururu, wakikimbilia mteremko uliogeuka mweupe, wakiushika na kuuonja, na wengi wakaamini kwamba theluji imeiangukia Kenya ya mashambani. Wataalamu wa hewa walieleza kwamba ilikuwa mvua ya mawe iliyoanguka kwa wingi hata ikashikamana. Mawe hayo huzaliwa ndani ya wingu refu lenye upepo mkali wa kwenda juu, ambamo tone lililoganda hurushwa na kuvikwa ganda juu ya ganda mpaka upepo ushindwe kulibeba, ndiyo sababu yaweza kuanguka hata penye joto na kuyararua majani ya chai ya watu. Asili ya nguvu zake, hata hivyo, ni ileile, yaani hewa ya moto iliyoshiba mvuke.

Na mvuke haulingani mwaka hadi mwaka. Mwaka 1997, na tena 2019, Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto kupita kawaida huku upande wa Indonesia ukipoa, na mvua za mwisho wa mwaka zikazidi kipimo kote Afrika Mashariki. Wengine husema kwamba, maadam barafu za kudumu za mlima huu zilizokuwa 18 mwanzoni mwa karne ya 20 sasa zimebaki chache na zilizokonda, theluji ya ghafla nayo imekwisha. Sikubaliani nao. Barafu ya Lewis, mojawapo ya hizo, inakufa kwa hesabu ya miaka mingi, kwa joto lililozidi na kwa theluji isiyotosha kuilisha; lakini dhoruba ni hesabu ya mchana mmoja, nayo haihitaji zaidi ya bahari iliyo moto, mteremko na jua la asubuhi.

Kwa hiyo nina ombi, nami nalitoa kwa dhati. Vipimo vya unyevu huchukuliwa Embu na Meru mjini kila siku, na waongozi wa Chogoria wana simu mifukoni. Namba mbili tu, ya kipimajoto kikavu na ya kile chenye utambi, zikitumwa kwao kila jioni wakati wa Oktoba na Novemba na tena wakati wa Machi hadi Mei, zingemwezesha mwongozi kuamua usiku uleule kama wageni wake waamshwe saa nane ili wawe wameshuka Lenana kabla ya saa tatu asubuhi, au walale hadi kesho kutwa.