Maumivu ya Wayo Katika Mwendo wa Haraka

Kampala ni mji wa vilima. Ashukaye Kololo kwa mwendo wa haraka, buti likigonga lami, huitwisha mifupa myembamba ya wayo mzigo mkubwa. Mfupa hujiimarisha kwa mazoezi, lakini polepole. Kuruta aliyeongezewa maili kwa ghafla huweza kuutia ufa.

Breithaupt, daktari wa jeshi la Prussia, aliyaeleza maumivu haya mwaka 1855, miaka 40 kabla ya eksirei kugunduliwa. Hata leo picha ya wiki mbili za mwanzo yaweza isionyeshe kitu, na hapo ndipo askari mgonjwa huitwa mtegaji. Hiyo ni dhuluma. Juu ya wayo pamevimba, mahali pamoja panauma pabonyezwapo kwa kidole, maumivu huzidi atembeapo na kupungua apumzikapo: huyo apelekwe kwa daktari, naye kwa kawaida huhitaji wiki sita hadi nane bila gwaride. Akilazimishwa, ufa huweza kuwa mvunjiko kamili, na kikosi kikamkosa kwa miezi.

Maofisa nao waongeze mwendo wiki kwa wiki, si kwa pupa kwa sababu gwaride la 9 Oktoba limekaribia.