Kufyonza na Kuambata: Istilahi za Molekuli katika Zeolaiti

Wafasiri wa maandishi ya kemia hukutana mara kwa mara na maneno yaelezayo namna kitu kimoja kinavyokipokea kingine, na mara nyingi yote huyafasiri kwa neno moja, "kufyonza". Katika makala haya tunaeleza kwa nini neno hilo peke yake halitoshi. Mfano wetu ni uchunguzi wa molekuli zilizoshikwa na zeolaiti kwa njia ya spektroskopia ya Raman.

Zeolaiti ni madini ya silikoni, alumini na oksijeni yaliyojaa vijitundu. Jina lake lilitolewa mwaka 1756 na Axel Fredrik Cronstedt wa Uswidi kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "jiwe lichemkalo", kwani jiwe hilo likipashwa moto hutoa mvuke wa maji. Nchini Tanzania madini hayo yamo katika matabaka ya majivu ya volkeno ya Olduvai. Vijitundu vyake kwa kawaida havifiki upana wa sehemu moja ya milioni ya milimita. Molekuli huingia humo zikashika kuta zake.

Hapo ndipo penye tofauti. Ukuta wa mawe ya matumbawe wa Mji Mkongwe hufyonza mvua: maji huenea mwilini mwake. Lakini popo aliyeshika dari la pango huko Unguja yumo ndani ya pango, wala hamo ndani ya jiwe. Molekuli katika zeolaiti ni kama popo huyo.

Mwaka 1928 C. V. Raman, pamoja na K. S. Krishnan, aligundua huko Calcutta kwamba sehemu ndogo sana ya nuru inayotawanywa na molekuli hubadilika rangi kufuatana na mitetemo ya molekuli hizo. Zeolaiti yenyewe hutawanya nuru ya namna hiyo kwa udhaifu, na maji vilevile. Kwa hiyo alama za molekuli ngeni huonekana. Piridini ya majimaji, kwa mfano, ina alama kali karibu na mitetemo 991 kwa sentimita. Ikishika mahali penye asidi katika zeolaiti, alama hiyo hupanda. Mkemia hutambua hivyo molekuli imeshika wapi, na kwa nguvu gani.

Sasa, katika spektroskopia nuru nayo hufyonzwa: mionzi ya infraredi hufyonzwa na molekuli, ilhali katika njia ya Raman nuru hutawanywa. Mwanafunzi akisoma "molekuli iliyofyonzwa hufyonza nuru", atajuaje kwamba ni mambo mawili mbalimbali?

Wajerumani walikabili haja hiyo hiyo. Heinrich Kayser alianza kutumia neno mahsusi mwaka 1881. Sisi tukitohoa "adsopsheni", litatofautiana na "absopsheni" kwa herufi moja tu. "Kunata" nako kumekwisha kutupa "mnato", sifa ya majimaji mazito. Tunapendekeza "kuambata". Watumishi wa Serikali wanakijua kiambatisho cha barua: hufuatana na barua, hubaki karatasi mbali, na huweza kubanduliwa. Molekuli nyingi nazo hubanduka zeolaiti ipashwapo moto.

Basi tuandike: nuru hufyonzwa au hutawanywa, molekuli huambata, tendo lenyewe ni uambataji. Tunawaomba walimu na wafasiri walijaribu neno hili kazini, kisha watuletee maoni yao.