Jeraha la Moyo na Kazi ya Shule

Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze kwa maneno mepesi jambo ambalo kila mwalimu wa sehemu zetu hizi hukutana nalo, ingawa si kila mmoja hulitambua. Jambo lenyewe ni hili: mtoto aliyepatwa na kishindo kikubwa, hata kama mwili wake umepona, huweza kuwa na jeraha moyoni, na mara nyingi jeraha hilo huonekana darasani kabla halijaonekana mahali pengine po pote. Nimeshika kazi ya mwalimu mlezi katika shule hii kwa miaka kadhaa. Haya nitakayoyasema ni yale niliyoyasoma na yale niliyoyaona kwa macho yangu.

KIWEWE NI NINI?

Wataalamu huliita jeraha hilo kiwewe. Hicho si huzuni ya kawaida. Kila mtu hufiwa, akalia, akaomboleza, na siku zikipita uchungu hupungua. Kiwewe ni hali ya mtu aliyepatwa na jambo la kutisha lililomzidi nguvu, hata mwili wake ukakataa kusadiki kwamba hatari imekwisha.

Binadamu ameumbwa na kengele ya hatari. Ukikutana na chui njiani, ubongo hutoa amri, adrenalini humwagika katika damu, moyo huenda mbio, misuli hukaza, nawe huwa tayari kupigana, au kukimbia, au kuganda kama gogo. Chui akienda zake, kengele hunyamaza. Lakini kwa mtoto aliyetishwa mno, au aliyetishwa mara nyingi, kengele huendelea kulia hata mahali palipo salama. Mlango ukigongwa kwa nguvu, yeye husikia nyumba inaanguka. Wazee wetu waliyajua haya kabla ya vitabu kuandikwa, wakasema: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Sasa fikirini, mtoto ambaye kengele yake inalia atawezaje kufuata somo la aljebra? Akili anayo, ila yote imekwenda kulinda mlango.

MAMBO YALIYOTUPATA SISI

Pengine msomaji atasema mambo haya ni ya nchi zenye vita. Sivyo. Usiku wa tarehe 3 Machi, 2015, mvua ya mawe na upepo mkali vilipiga kata ya Mwakata, wilayani Kahama. Kuta za nyumba za udongo ziliwaangukia watu wakiwa wamelala, wakafa zaidi ya 40. Watoto waliofukuliwa katika kifusi usiku ule sasa ni vijana. Kwa mtoto wa namna hiyo, wingu jeusi likijikusanya saa nane mchana si dalili ya mavuno mema.

Mwaka ule ule, tarehe 5 Oktoba, wachimbaji walifukiwa katika machimbo ya Nyangalata, Kahama. Watano waliokolewa tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mnamo Januari 2017 wachimbaji 15 walifukiwa katika mgodi mmoja mkoani Geita, na kwa bahati njema wote wakatolewa hai. Magazeti yaliandika habari za walionusurika, kama ilivyofaa. Lakini yako maduara mengi yanayobomoka bila kuandikwa gazetini, na nyuma ya kila mchimbaji asiyerudi wako watoto ambao kesho yake, au juma la pili, watarudi shuleni na madaftari yao.

Tena wako watoto wanaofanya kazi hiyo wenyewe. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilichapisha taarifa juu ya watoto katika machimbo madogo ya dhahabu ya Chunya, Geita na Kahama. Lilikuta wengine wenye umri wa miaka minane tu wakishuka mashimoni, wakibeba magunia ya mawe na kushika zebaki kwa mikono mitupu.

Na hatuwezi kunyamaza juu ya ndugu zetu wenye ualbino. Tangu mwaka 2006 au 2007 hivi, mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa iliingia aibu ya mauaji yaliyochochewa na uwongo wa waganga na tamaa ya mali. Serikali ililazimika kuwakusanya watoto mahali penye ulinzi, na Shule ya Buhangija, hapa Shinyanga, ilipokea wengi sana. Ulinzi ule uliokoa maisha. Lakini ukuta humzuia mwuaji tu. Hauwezi kumsikiliza mtoto aliyeachana na mama yake akiwa na miaka mitano. Kazi hiyo huhitaji mtu.

DALILI ZAKE DARASANI

Kiwewe hakivai sare moja. Mtoto mmoja huwa mkali, hugombana kwa neno dogo. Mwingine huwa mpole kupita kiasi, haulizi wala hajibu, naye husifiwa kwa adabu njema ilhali anazama. Wa tatu husinzia darasani kwa kuwa usiku anaogopa kulala. Wa nne huumwa tumbo au kichwa kila siku, na zahanati haioni ugonjwa. Wa tano hutoroka. Wako pia wanaosahau lile walilojifunza jana kana kwamba hawakuwapo.

Dalili hizo huweza kuwa za malaria, au njaa, au utundu wa kawaida, basi tusikimbilie kumpa kila mtoto jina la mgonjwa. Lakini twapaswa kuuliza. Swali la kwanza la mwalimu lisiwe, "Una nini wewe?" bali, "Umepatwa na nini, mwanangu?"

DAWA YA KWANZA NI MTU

Katika miaka ya 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikaa Uganda, akawa akizitembelea familia 26 katika vijiji vilivyo karibu na Kampala na kutazama jinsi mama na watoto wachanga wanavyoishi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto ambaye mama yake humwitikia upesi na kumwelewa hawi mwoga. Kinyume chake, huthubutu kutambaa mbali na kuchungua ulimwengu, kwa kuwa anajua pa kurudi. Jambo hili, ambalo sasa hufundishwa vyuoni dunia nzima, lilianza kuonekana wazi hapa Afrika Mashariki.

Mwingine, Emmy Werner, aliwafuata watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mpaka wakawa watu wazima. Wengi wao walikulia katika umaskini, ulevi na ugomvi wa nyumbani. Hata hivyo kiasi cha thuluthi moja ya wale waliokuwa katika hatari kubwa waliinuka wakawa watu wazima wema na wenye kujitegemea. Walikuwa na nini ambacho wenzao hawakuwa nacho? Mojawapo ya mambo aliyoyaona ni kwamba kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyemjali bila kuchoka: bibi, shangazi, jirani, na mara nyingi mwalimu.

Basi hapo ndipo shule inapoingia. Hatuwezi kumfufua baba aliyefia shimoni. Lakini twaweza kuwa yule mtu mmoja.

SHULE IFANYE NINI?

Kwanza, iwe mahali panapotabirika. Kengele ilie kwa saa yake, mwalimu aingie kipindini, ahadi itimizwe. Utaratibu ambao wengine huuona ni uchovu, kwa mtoto mwenye kiwewe ni kitanda cha kupumzikia.

Pili, mtoto aitwe kwa jina lake na asalimiwe. Mwalimu akisimama mlangoni asubuhi, akapokea shikamoo na kuitikia marahaba huku akimtazama mtoto usoni, atajua katika dakika tatu nani amekuja na nani ameletwa na miguu tu.

Tatu, tusikilize bila kulazimisha. Mtoto asisukumwe kusimulia, na hasa asiulizwe mbele ya wenzake. Akitaka kusema, tukae naye mahali tulivu panapoonekana na wengine. Tusimwahidi kuficha kila kitu, kwa maana kama yumo hatarini itatubidi kusema.

Nne, tuangalie adhabu. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wa nchi hii walipigwa ngumi, mateke au viboko kabla hawajafika miaka 18, na wengi walitaja walimu miongoni mwa waliowapiga. Kanuni za serikali zimeweka mipaka: viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au kwa idhini yake, kwa kosa zito, na viandikwe kitabuni. Lakini juu ya kanuni iko busara. Fimbo kwa mtoto ambaye kengele yake inalia humthibitishia kwamba hata hapa pana chui. Mwaka 2018 wataalamu wa Tanzania na wenzao wa ng'ambo walitangaza matokeo ya jaribio katika shule nane za sekondari za serikali nchini: walimu waliofundishwa kwa siku chache jinsi ya kuelewana na wanafunzi na kuwaongoza bila ukali walipunguza kupiga. Basi nidhamu ni jambo ambalo hata mwalimu hufundishwa.

Tano, tujue mwisho wa uwezo wetu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hutaka ye yote ajuaye kwamba mtoto anadhulumiwa atoe habari. Yupo afisa ustawi wa jamii, lipo Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na ipo simu ya 116 isiyolipiwa. Mtoto anayesema anataka kufa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

MFANO MMOJA

Nitatoa mfano, bila jina wala kijiji. Tulikuwa na mvulana wa Kidato cha Pili ambaye baba yake alifukiwa duarani. Alipunguza siku za kuja shuleni, na alipokuja alilala juu ya dawati. Katika mkutano wa walimu wengine walitaka aadhibiwe kwa utoro, na hoja yao ilikuwa na haki yake, kwa maana sheria ya shule ni ya wote. Mwalimu mmoja aliomba apewe majuma mawili. Alimfuata kwao jioni, akamkuta mama na wadogo watatu, akatambua kwamba siku za utoro kijana alikuwa akiponda mawe karashani ili wapate unga. Usiku aliota kifusi.

Hakuna muujiza uliotokea. Mama alipelekwa kwa afisa ustawi, mjomba akaitwa, kazi ya karasha ikakoma. Shuleni kijana alipewa kazi ya kutunza miche ya miti pamoja na mwalimu yule, robo saa kila asubuhi kabla ya masomo. Muda wa miezi miwili hawakuzungumza neno juu ya baba. Siku moja, akimwagilia, alianza mwenyewe. Hesabu bado zinamshinda, lakini yupo darasani, na kiti chake hakijawa kitupu tangu muhula uliopita.

KWENU WANAFUNZI NA WAZAZI

Ninyi wanafunzi, msimcheke mwenzenu anayeshtuka au kulia. Ketini naye wakati wa chakula, mwiteni kwenye mpira. Siri yake msiifanye hadithi; lakini mkiona yumo hatarini, mwambieni mwalimu mnayemwamini. Hapo hamjamsaliti.

Ninyi wazazi na walezi, najua wengi wenu mmebeba majeraha yenu wenyewe. Hata hivyo tunawaomba: likitokea jambo nyumbani, msiba, moto, ugomvi, tupeni habari. Hatuhitaji maelezo marefu. Neno moja, "Mwalimu, mwanetu amepata shida," latosha kutuzuia kumdhania uvivu. Na mtoto asiambiwe, "Mwanamume halii." Mficha maradhi kilio humfichua.

Muhula ujao, kila mwalimu wa darasa atakuwa na orodha ya wanafunzi wake, na mbele ya kila jina ataandika mtu mzima mmoja wa shule hii ambaye mtoto huyo anaweza kumwendea. Majina yatakayokosa mtu yataletwa kwangu, nasi walimu tutagawana. Mpishi, mlinzi na karani nao wamekubali kuwamo.