Divai Nyekundu ya Rioja: Istilahi za Chupani na za Mezani

Miongoni mwa maandishi yanayomtaabisha mfasiri ni yale yahusuyo vyakula na vinywaji vya kigeni: orodha za vyakula vya hoteli, hati za forodha na vitabu vya upishi. Katika makala haya tumechagua mfano mmoja, divai nyekundu ya Rioja, ili tuonyeshe kwamba istilahi hupatikana kwa wepesi pale kitu chenyewe kinapoeleweka kwanza.

Rioja ni eneo la kaskazini ya Hispania, kandokando ya mto Ebro. Jina hilo lilianza kulindwa rasmi mwaka 1925, na mwaka 1991 likawa la kwanza nchini humo kupandishwa daraja ya juu ya majina ya asili. Zabibu yake kuu huitwa Tempranillo, jina litokanalo na neno la Kihispania lenye maana ya “mapema”, kwa kuwa huwahi kuiva. Aghalabu huchanganywa na Garnacha, Graciano au Mazuelo.

Swali la kwanza ni hili: tuseme divai au mvinyo? Maneno yote mawili ni ya mkopo. La kwanza latokana na Kifaransa, la pili na Kireno. Lakini mvinyo limezoeleka pia kwa vileo vikali vilivyokenekwa. Divai ya Rioja ina kileo cha takriban asilimia 13 hadi 14, ilhali vileo vikali hufikia 40 na zaidi. Katika hati ya ushuru tofauti hiyo si ndogo, kwani vinywaji hivyo viwili havitozwi kwa kiwango kimoja. Kwa hiyo twaonelea divai litumike kwa kinywaji cha zabibu kilichochachuka, bila kukenekwa.

Swali la pili lahusu maneno yaandikwayo chupani. Crianza latokana na kitenzi chenye maana ya kulea; nasi tunalo neno malezi, ambalo lafaa kabisa. Divai nyekundu ya daraja hiyo hulelewa kwa muda usiopungua miaka 2, na walau mmoja kati ya hiyo iwe ndani ya pipa la mwaloni la lita 225. Reserva huhitaji miaka 3, mmoja ukiwa pipani; gran reserva miaka 5, miwili ikiwa pipani. Mfasiri akiandika “divai ya akiba” atampotosha msomaji, ambaye atadhani ni shehena iliyobaki ghalani. Maneno hayo ni majina ya kisheria: yaachwe kama yalivyo, kisha yafafanuliwe.

Swali la tatu ni la mezani. Maganda na mbegu za zabibu, pamoja na mbao za pipa, hutoa tanini, ambayo hushikamana na protini za mate na kuufanya mdomo uwe mkavu. Hisia hiyo haihitaji neno geni; kila aliyeuma ndizi mbichi au bibo aijua: ni ukakasi. Tanini basi liwe jina la kemikali, na ukakasi liwe jina la hisia.

Hapo ndipo tunapofahamu sababu ya chaguo la vyakula. Protini na mafuta ya nyama hupunguza ukakasi. Wenyeji wa Rioja hula divai hiyo na mbavu za mwanakondoo zilizochomwa juu ya makaa ya matawi ya mzabibu, au viazi vilivyopikwa pamoja na soseji ya nguruwe. Jibini ya maziwa ya kondoo nayo huafikiana nayo. Samaki hawafai sana, kwani divai nyekundu yaweza kuwaachia ladha kama ya chuma.

Kwa muhtasari, twapendekeza divai, malezi, tanini na ukakasi. Matatu kati ya hayo yamo vinywani mwetu tayari. Kazi iliyobaki ni kuyatumia kwa maana moja isiyobadilika, darasani na ofisini.